Tupime Kisichoonekana kwa Macho



Mkulima wa viazi wa Mdandu hana haja ya kufundishwa faida ya kipimo. Anaijua lumbesa. Anajua kwamba gunia likishonewa kilemba juu, hicho kilemba ni jasho lake linalokwenda bure. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini pasipo na mizani, mnunuzi hupima kwa macho, na mkulima hubaki na manung'uniko. Ndiyo sababu tunadai mizani.

Leo katika somo letu tutajifunza kupima kitu kigumu kuliko viazi. Kitu hiki hakina rangi, hakina harufu, wala hakina ladha. Ukikichota kwenye kikombe hutakiona. Kitu chenyewe ni kaboni yenye mionzi, nayo hupatikana katika maji yanayotoka kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia.

Msomaji atauliza: "Jamani, sisi wa Wanging'ombe na mitambo ya nyuklia wapi na wapi?" Swali ni zuri. Tulijibu kwanza.

Kwa nini tujifunze jambo hili?

Ni kweli Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia. Lakini yapo mambo matatu ya kufikiria.

Jambo la kwanza ni majirani. Kenya wana mpango wa kujenga mtambo wa namna hiyo. Eneo lililotajwa mwanzoni lilikuwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kuupinga, maana bahari ndiyo shamba la mvuvi. Uganda nao wamechagua eneo la Buyende. Maji hayajui mpaka wa nchi.

Jambo la pili ni madini. Urani ndiyo kuni ya mitambo hiyo, na urani ipo kwetu. Ipo Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, katika mradi wa Mto Mkuju. Mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Kutoka Namtumbo hadi Songea, kisha Njombe mpaka Makambako, ni barabara moja ya lami. Vijana wetu huifuata barabara hiyo kutafuta kazi. Maji nayo yana njia yake. Vijito vya kwetu hupitia Ruaha Mkuu au Ruhuji, na mwisho huingia Rufiji. Maji ya upande wa Mkuju nayo huteremkia Rufiji. Kumbe mwisho wa safari maji yetu na maji yao ni mamoja.

Jambo la tatu ni maneno ya watu. Wapo wenzetu wawili watatu waliotuuliza gulioni: "Eti mionzi ikiingia majini, maji yanawaka usiku?" Mwingine akasema, "Mimi nimeambiwa haina madhara hata kidogo." Wote wawili wamekosea. Mtu asiyejua hutishwa na huyu, kisha hudanganywa na yule. Dawa ya yote mawili ni kujifunza.

Kaboni ni nini?

Chukua kipande cha mkaa. Huo weusi unaokuchafua vidole ni kaboni. Kaboni imo katika mahindi, maharage, majani ya chai, ulanzi, nyama ya ng'ombe, na katika miili yetu. Imo pia hewani. Mimea huivuta kutoka hewani ili ikue. Sisi tunakula mimea, na ng'ombe naye anakula mimea. Basi kaboni huzunguka kutoka hewani kwenda shambani, kutoka shambani kwenda chunguni, na kutoka chunguni kwenda mwilini.

Kila kitu duniani kimejengwa kwa vipande vidogo mno vinavyoitwa atomu. Atomu za kaboni ni kama ndugu wa tumbo moja. Wanafanana kwa tabia, lakini wanatofautiana uzito. Wengi ni kaboni 12. Wachache ni kaboni 13. Hao wawili wametulia. Yupo ndugu wa tatu, kaboni 14. Huyu ni mzito kidogo na hajatulia. Siku moja huvunjika na kutoa mshale mdogo wa mionzi, kisha hugeuka kuwa naitrojeni. Walioitambua kaboni 14 ni wataalamu wawili wa Marekani, Martin Kamen na Sam Ruben, mwaka 1940.

Kaboni 14 ipo kwa asili. Miale inayotoka mbali angani hupiga naitrojeni ya hewani na kuifanya kaboni 14. Lakini ni chache mno. Katika atomu milioni milioni moja za kaboni ya mmea ulio hai, ya namna hiyo ni moja hivi.

Mionzi huhesabiwaje?

Viazi tunapima kwa kilo. Maziwa tunapima kwa lita. Mionzi tunaihesabu kwa bekereli. Jina hilo limetokana na Henri Becquerel wa Ufaransa, aliyegundua mionzi ya urani mwaka 1896. Bekereli moja maana yake ni atomu moja kuvunjika kila sekunde. Basi.

Kilo moja ya kaboni kutoka kwenye mti uliokatwa juzi ina bekereli 226 hivi za kaboni 14. Kwa hiyo mkaa ulio jikoni kwako sasa hivi unatoa mionzi kidogo. Hata mwili wa mtu mzima una kaboni 14 inayovunjika zaidi ya mara 3,000 kila sekunde. Usishtuke. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu zetu na mababu zao. Mionzi si kitu kigeni duniani. Kinachotupasa kuuliza kila mara ni: kiasi gani, na kimetoka wapi?

Kaboni 14 huisha polepole. Ikipita miaka 5,730, nusu yake imevunjika na nusu imebaki. Ikipita miaka mingine 5,730, inabaki nusu ya ile nusu, yaani robo. Ni kama debe la mahindi ambalo kila zamu unatoa nusu ya kilichobaki. Muda huo wa kubaki nusu huitwa nusu-uhai.

Tulinganishe sasa mkaa wetu na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kule Ludewa, katika mkoa wetu huu huu wa Njombe. Makaa hayo yalikuwa mimea mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Vyote ni vyeusi, na vyote ni kaboni. Lakini ndani ya makaa ya mawe kaboni 14 ya mimea ile imekwisha kabisa. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Kipimo kinaiona.

Kaboni 14 huingiaje katika maji ya mtambo?

Mtambo wa nyuklia ni kama sufuria kubwa jikoni. Urani ndiyo moto. Moto huo huchemsha maji, mvuke huzungusha mashine, na mashine hutoa umeme. Tofauti ni kwamba atomu za urani zinapopasuka, hurusha vipande vidogo vinavyoitwa nyutroni. Nyutroni hizo hupiga maji yanayozunguka urani. Aina fulani ya oksijeni iliyomo majini, pamoja na naitrojeni iliyoyeyuka humo, hugeuka kuwa kaboni 14.

Sehemu kubwa ya kaboni 14 hiyo hutoka kwa njia ya hewa, kupitia bomba refu la moshi. Sehemu ndogo hubaki katika maji machafu ya mtambo. Maji hayo huwekwa kwenye matangi, huchujwa, hupimwa, halafu huachiwa kidogo kidogo kwenda mtoni au baharini. Somo letu la leo liko hapo, kabla ya kufungua koki.

Kaboni 14 haina nguvu kubwa. Mshale wake husafiri hewani chini ya sentimita 30. Ukiufikia mwili kutoka nje, huishia kwenye ngozi. Hatari yake si ya nje bali ni ya kuliwa na kunywewa. Mwili hauwezi kumtambua ndugu huyu wa tatu. Mmea humpokea kama kaboni nyingine yoyote, samaki humpokea, na sisi tukila samaki tunampokea. Tena hukaa duniani maelfu ya miaka akizunguka. Ndiyo maana wataalamu huitaja kaboni 14 miongoni mwa zile zinazochangia sehemu kubwa ya mionzi inayowafikia watu kutoka kwenye mitambo ya nyuklia, ingawa kiasi chenyewe kwa kila mtu ni kidogo.

Kwa nini ni vigumu kuipima?

Pengine umewahi kuona katika picha mtu ameshika kifaa kinacholia "te-te-te" karibu na mionzi. Kifaa hicho ukikishika juu ya ndoo ya maji yenye kaboni 14 kidogo, kitanyamaza. Mshale wa kaboni 14 hauwezi kupita hata unene wa milimita moja ya maji. Unakufa ndani ya maji yenyewe. Kifaa kitanyamaza, na mtu asiyejua atasema, "Maji ni salama." Huyo amepima kwa mizani isiyofaa.

Ugumu wa pili ni kelele za wengine. Maji ya mtambo yana vitu vingine vyenye mionzi. Kimoja kinaitwa tritiamu, ambayo ni haidrojeni yenye mionzi. Mara nyingi tritiamu ni nyingi sana kuliko kaboni 14. Kusikiliza kaboni 14 hapo ni kama kusikiliza panya ndani ya kihenge huku mashine ya kusaga inanguruma mlangoni. Huna budi kumhamisha panya mahali penye utulivu.

Ugumu wa tatu ni huu. Maji yanapopimwa mionzi, mara nyingi huanza kupimwa kwa jumla, bila kutenganisha aina. Maji hukaushwa, na mabaki yake ndiyo hupimwa. Lakini maji yakikaushwa, tritiamu hupaa na mvuke, na kaboni 14 nayo kwa kiasi kikubwa huweza kupaa. Kwa hiyo maji yakifaulu kipimo cha jumla, hatuwezi kusema kaboni 14 haimo. Tunachoweza kusema ni kwamba haikupimwa. Kumbuka tofauti hiyo: "haimo" si sawa na "haikupimwa".

Hatua za kupima

Wataalamu hufanya hivi:

1. Kukoroga. Mpishi mzuri haonji mchuzi wa juu tu. Hukoroga kwanza. Vivyo hivyo maji ya tangi huzungushwa mpaka yachanganyike sawasawa. Ndipo sampuli huchotwa kwenye chupa safi, ikaandikwa tarehe, saa na namba ya tangi. Chupa isiyo na maandishi haina ushahidi.

2. Kuitoa kaboni majini. Sampuli hutiwa tindikali. Kaboni iliyoungana na chumvichumvi za maji hutoka kama gesi, kwa namna ile ile soda inavyotoa mapovu. Lakini kaboni nyingine imefungwa ndani ya mafuta na sabuni zilizomo majini. Hiyo haitoki kwa tindikali peke yake. Lazima iunguzwe kwa joto au kwa dawa kali ili nayo iwe gesi. Mpimaji akiruka hatua hii, atahesabu nusu ya mali na kuiacha nusu nyingine.

3. Kuinasa. Gesi hupulizwa kwa naitrojeni safi kupita katika chupa zenye dawa ya kuinasa. Moja ya dawa hizo ni kostiki soda, ile ile inayojulikana na mafundi wa sabuni. Gesi ya kaboni hunaswa humo. Tritiamu hubaki nyuma au huzuiwa njiani. Sasa panya wetu amehamishwa mbali na mashine.

4. Kuifanya itoe mwanga. Kilichonaswa huchanganywa na maji maalumu yenye tabia ya kumeta. Kila atomu ya kaboni 14 inapovunjika, maji hayo hutoa kimulimuli kidogo mno. Jicho la mtu haliwezi kukiona.

5. Kuhesabu gizani. Chupa huwekwa ndani ya mashine yenye giza kabisa. Ndani yake yapo macho mawili ya umeme. Jicho moja likiona mwanga peke yake, mashine haihesabu, maana huenda ni kosa. Macho yote mawili yakiona kwa wakati mmoja, basi ni moja. Ni kama kesi barazani: shahidi mmoja hatoshi.

6. Kujipima wenyewe. Hii ndiyo hatua ya uaminifu. Kwanza hupimwa chupa isiyo na kaboni 14, kwa mfano iliyotokana na marumaru ya kale. Hesabu yoyote itakayoonekana humo ni kelele za mashine, nayo hutolewa kwenye jibu. Kisha hupimwa chupa yenye kiasi kinachojulikana. Ikiwa waliweka 100 na mashine ikaona 80, wanajua kwamba 20 zinapotea njiani, nao husahihisha. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya dukani kwa mawe yenye uzito unaojulikana. Hapa ni vivyo hivyo.

Kazi hii ni ndefu na ina gharama. Kwa miaka mingi mitambo kadhaa haikupima kaboni 14 hasa. Ilikadiria kwa hesabu, kwa kuangalia umeme uliozalishwa. Makadirio yana faida yake. Hata sisi hukadiria mavuno kwa kutazama shamba. Lakini siku ya kuuza, hakuna mkulima anayekubali kulipwa kwa makadirio ya mnunuzi.

Kuzimua si kupunguza

Hapa ndugu wasomaji tukae macho. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa maji ya kunywa. Kwa kaboni 14 kiwango ni bekereli 100 kwa lita moja. Kwa tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu zaidi, kiwango ni 10,000 kwa lita.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tangi lina lita 100,000. Kila lita ina bekereli 50 za kaboni 14. Jumla ni ngapi? Ni bekereli 5,000,000. Sasa mwenye mtambo anaongeza maji safi mpaka zinakuwa lita 1,000,000. Kila lita sasa ina bekereli 5 tu. Je, kaboni 14 imepungua? Haikupungua hata chembe. Jumla ni ile ile, 5,000,000.

Kuzimua kunamsaidia yule atakayekunywa kikombe kimoja leo. Lakini mto na bahari hupokea mzigo mzima. Kwa hiyo msimamizi mzuri huuliza maswali mawili, si moja. La kwanza: kuna kiasi gani katika lita? La pili: mwaka mzima mmemwaga jumla ya kiasi gani? Anayejibu swali la kwanza tu ni kama mnunuzi anayetaja bei ya kilo na kuficha idadi ya kilo.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Uingereza, pwani ya kaskazini-magharibi, pako mahali panapoitwa Sellafield. Hapo ilifanyika kwa miaka mingi kazi ya kuchakata upya urani iliyokwisha kutumika. Kuanzia mwaka 1994 kaboni 14 iliyomwagwa baharini iliongezeka, kwa sababu taka zilizokuwa zikitolewa hewani zilielekezwa majini. Wapimaji waliikuta katika kome na samaki, na wakaifuatilia mpaka pwani ya Scotland. Viwango havikuwa vya kuua watu. Lakini funzo ni kubwa. Kupima maji peke yake hakutoshi. Lazima upime pia kinachoishi ndani ya maji, maana viumbe hukusanya kaboni.

Japani, mwezi Machi 2011, tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari yaliharibu mtambo wa Fukushima Daiichi. Maji mengi yaliingiwa na mionzi, yakawekwa kwenye matangi zaidi ya elfu moja. Maji hayo yalipitishwa kwenye machujio makubwa yanayoondoa aina nyingi za mionzi. Kwa muda mrefu watu walisikia habari ya tritiamu tu, kwamba ndiyo isiyochujika. Mwaka 2020 ikafahamika wazi kwamba hata kaboni 14 imo, na machujio yale hayakutengenezwa kuiondoa. Kiwango cha sheria ya Japani kwa maji ya kumwagwa ni bekereli 2,000 za kaboni 14 kwa lita. Tarehe 24 Agosti 2023 walianza kuyaachia maji hayo baharini, yakiwa yamezimuliwa kwa maji ya bahari.

Kuna jambo la kuiga hapo. Mwenye mtambo hakuachiwa kupima peke yake. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilichukua sampuli, na maabara za nchi kadhaa zikapima kila moja kwa upande wake ili majibu yalinganishwe. Kuna jambo la kujihadhari nalo pia. Wavuvi na majirani walichelewa kuelewa habari ya kaboni 14, na imani ikapungua. Ukweli unaotolewa kwa vipande hufanana na uongo, hata kama kila kipande ni kweli.

Tunajifunza nini sisi?

Kwanza, tusichanganye mgodi na mtambo. Mgodi wa urani hautengenezi kaboni 14. Huko Namtumbo cha kupimwa majini ni urani yenyewe na jamaa zake, kama vile radiamu. Hizo zina njia zake za kupimwa. Kwa urani, mwongozo wa maji ya kunywa ni maikrogramu 30 kwa lita. Lakini masharti ya upimaji mwema ni yale yale: koroga, andika, tenganisha, hakiki mizani, na mwite shahidi wa pili.

Pili, kipimo cha kwanza kifanywe kabla ya kazi kuanza. Mtu akimpa mwenzake ng'ombe wa kuchunga, huwahesabu kwanza. Asipowahesabu, siku ya ugomvi atadai nini? Wataalamu wa Tanzania walikwisha kupima mionzi ya asili katika udongo na maji ya kijiji cha Likuyu, jirani na Mkuju, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013, kabla ya uchimbaji. Hesabu hiyo ni mali ya wananchi. Itunzwe, na vipimo vya miaka inayokuja vilinganishwe nayo.

Tatu, tujue mahali pa kuuliza. Nchi yetu ina Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ikachukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1983. Kazi yake ni kusimamia matumizi ya mionzi na kuwalinda watu. Kwa mito ya kwetu ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kwa maji ya vijijini upo RUWASA, ulioanzishwa mwaka 2019. Swali likitoka kwenye mkutano wa kijiji, likaandikwa kwenye muhtasari na kupelekwa kwa barua, lina uzito kuliko manung'uniko ya kilabuni. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tusiuache uwezo huo ukae bure.

Nne, tusikimbilie hatari ya mbali tukaisahau ya karibu. Maji ya visima vyetu hayatuumizi kwa kaboni 14. Yanatuumiza kwa vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Wazee wanaukumbuka mradi wa maji ya mtiririko wa Wanging'ombe, uliosaidiwa na UNICEF. Watu walichimba mitaro kwa mikono yao ili wapate maji safi. Kuchemsha maji ya kunywa na kutunza chanzo kunabaki kazi ya kila siku. Tena kumbuka: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi urani. Kila hatari ina dawa yake na kipimo chake.

Basi ndugu, tusiogope kisichoonekana, wala tusikidharau. Tukipime. Na mtu akituambia "maji ni salama," tumwulize kwa heshima: mmepima nini, mmepimaje, na nani mwingine amepima?

Maneno mapya

Atomu: kipande kidogo mno kinachojenga kila kitu.
Bekereli: kizio cha mionzi, atomu moja kuvunjika kila sekunde.
Nusu-uhai: muda wa kitu chenye mionzi kubaki nusu.
Sampuli: sehemu ndogo inayochukuliwa ili kupima kitu kizima.
Kuzimua: kuongeza maji ili kitu kisiwe kikali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mkaa wa mti na makaa ya mawe ya Mchuchuma hayana kaboni 14 sawa?
2. Kipande cha mkaa kina bekereli 80 za kaboni 14. Zitabaki ngapi baada ya miaka 5,730? Na baada ya miaka 11,460?
3. Eleza tofauti ya maneno "haimo" na "haikupimwa".
4. Tangi la lita 20,000 lina bekereli 30 kwa kila lita. Jumla ni ngapi? Likizimuliwa mpaka lita 60,000, kila lita itakuwa na ngapi? Jumla je?
5. Chanzo cha maji cha kijiji chenu kilipimwa lini mara ya mwisho? Kilipimwa nini? Karatasi ya majibu iko kwa nani? Kama hakuna anayejua, andikeni barua ya kuuliza. Someni barua hiyo kwa sauti kikundini kabla ya kuipeleka.